Watoto watoke au wabaki? Kupima njia za kulea watoto na vijana kanisani

Wimbo wa pili ukiisha, mlango wa pembeni hufunguliwa na watoto hutoka mbio kwenda darasani kwao. Watu wazima hushusha pumzi, mchungaji hufungua Biblia, na ibada "yenyewe" huanza. Nimefundisha watoto kanisani kwa miaka 11, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiushika mlango ule. Sikuwahi kujiuliza kama kuna namna nyingine mpaka mvulana mmoja alipofika miaka 13. Darasa letu liliishia 12. Jumapili ile nilimkuta amesimama kwenye korido, mgongo umeegemea ukuta. Huku nyimbo za vitendo zimeshamtia aibu, kule ndani hajui watu wanasimama lini na wanaketi lini. Miaka minane alikuwa amekuja kanisani, na ibada ya kanisa lake hakuijua.

Kwa hiyo ninapozipima njia hizi, swali langu si ipi itawafurahisha watoto wiki hii. Namwangalia yule wa korido: ipi ingemvusha? Na nahesabu kitu kimoja kidogo: mbali na wazazi wake, ni watu wazima wangapi humo ndani wanaolijua jina lake?

Darasa lao au benchi la wote

Shule ya Jumapili haikuanzishwa ili kanisani kuwe na utulivu. Robert Raikes alipofungua yake kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, shida iliyomsukuma ilikuwa watoto waliofanya kazi siku sita na kuzurura mitaani siku ya saba bila kujua kusoma. Walifundishwa kusoma, na Biblia ndiyo iliyokuwa kitabu cha kusomea. Baadaye kazi ya kusomesha ikahamia kwenye shule za kawaida, shule ya Jumapili ikabaki na dini, na makanisa mengi yakaisogeza hadi ikaangukia saa ileile ya ibada. Hapo ndipo vitu viwili vilivyokuwa vikisaidiana vilipoanza kumgombania mtoto.

Darasa lina nguvu moja ambayo benchi halitaipata kamwe: mtoto anaruhusiwa kukatiza. Msimulie mtoto wa miaka 5 habari za Nuhu, atakuuliza kama samaki nao walipanda safina. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwa wakubwa, na mhubiri aliye mimbarini hana pa kuliweka. Darasani utasimama, mtacheka, mtalijadili, kisha mtaendelea. Mtaigiza, mtachora, mtarudia hadithi ileile wiki ijayo kwa sababu wameiomba. Halafu kuna mtoto anayekuja peke yake, ambaye wazazi wake hawasali popote. Ukimwambia "kaa na wazazi wako benchini" umemfukuza kwa adabu.

Udhaifu wake hauonekani mapema. Mtoto hajifunzi kuomba kwa kufundishwa sala tu. Hujifunza akimtazama baba yake amefumba macho na midomo inacheza, au bibi wa benchi la nyuma analia wakati wa wimbo na hakuna anayemshangaa. Darasa humwondolea mtoto hayo yote. Walimu nao huchoka. Nawajua waliopitisha zaidi ya mwaka bila kusikia mahubiri hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kanisa likawasifu kwa "kujitoa". Tena mwalimu mmoja akiachiwa watoto 25 wa umri wa miaka 3 hadi 12, hapo hakuna anayefundishwa. Analinda mlango.

Benchi lina hoja nzito upande wake. Ezra aliposoma torati tangu asubuhi hadi adhuhuri, Nehemia 8 inasema walikuwepo wanaume, wanawake na wote walioweza kusikia na kufahamu. Kwa Waorthodoksi swali hili hata halizuki kwa namna yetu: mtoto mchanga akishabatizwa hupakwa mafuta matakatifu na kupokea ushirika pamoja na wote. Kuwepo kwake ibadani hakukupangwa na kamati ya watoto. Kunatokana na wanavyouelewa ubatizo. Hilo ni la kukumbuka kabla ya kuiga mpango wa kanisa jingine, kwa kuwa mpango huja na teolojia yake mfukoni. Kanisa linalongoja mtoto akiri imani kwa kinywa chake ndipo libatize, litahitaji mahali pa kumtayarisha. Kanisa linalombatiza mchanga limeshamwita mwenzao, basi lieleze kwa nini mwenzao anatolewa nje.

Lakini wanaosema "watoto wa zamani walikaa wakatulia" wasome Matendo 20. Paulo alihubiri hadi usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia dirishani, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Jumapili moja tuliyowabakisha watoto, somo liliangukia hapohapo. Msichana wa miaka 6 aliyekaa mbele yangu alikuwa na karatasi na penseli. Alichora dirisha, na chini ya dirisha miguu miwili tu ikitazama juu. Alipomaliza alimnong'oneza mama yake kwa sauti iliyofika mabenchi manne: "Paulo akaacha kuhubiri?" Mama akasema shhh. Jibu lipo katika aya ya 11, na ni la kuchekesha kuliko swali: Eutiko alipoinuliwa akiwa hai, Paulo alipanda tena juu, akamega mkate, akazungumza mpaka alfajiri.

Ile shhh ndiyo huliua benchi. Kumbakisha mtoto ibadani na kumpa agizo moja tu, anyamaze, ni kumfundisha kwamba kanisa ni mahali pa kunyamazishwa. Benchi hufanya kazi pale familia inapokaa mbele ambako mtoto anaona (nyuma anaona migongo tu, halafu tunashangaa anachezea viatu), pale mzazi anapomnong'oneza kinachofuata, na pale mtoto anapopewa kazi: kusoma aya mbili, kupitisha chombo cha sadaka, kuwasha mshumaa kwa wanaotumia mishumaa. Mhubiri naye ana sehemu yake. Sentensi tatu zilizolengwa kwa watoto katikati ya mahubiri hushinda "neno la watoto" la dakika kumi ambalo kwa kweli ni mzaha wa kuwachekesha wakubwa.

Ukinibana nichague, nachagua nusu kwa nusu: watoto wabaki kwa nyimbo, maombi na masomo, watoke mahubiri yanapoanza, warudi kabla ya baraka, au kabla ya ushirika pale wanapousindikiza au kuushiriki. Hasara yake ni msukosuko wa kutoka na kuingia. Nitaubeba. Ila kuanzia miaka 10 hivi, wabaki ibada nzima angalau Jumapili moja kila mwezi, ili wakifika 13 wasiwe wageni. Chini ya miaka 3 sina mengi ya kusema: chumba cha kuwatuliza kiwepo, na mzazi asitazamwe kwa jicho baya akibaki ndani na kichanga kinacholia.

Kukariri, kushangaa, au kuvaa sare

Darasa likishakuwepo, mnafanya nini ndani yake? Njia ya kale ni katekisimu, maswali na majibu. Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529 baada ya kukagua parokia na kukuta watu hawajui hata Baba Yetu. Wengi wetu husahau kwamba aliiandika kwa ajili ya baba wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kuikabidhi yote kwa katekista wa Jumamosi ni jambo la baadaye. Kukariri kunadharauliwa siku hizi, nami sikubaliani. Nimekaa kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye kumbukumbu zote zilikuwa zimemtoka ila Zaburi ya 23. Hakuikariri uzeeni.

Ubaya huja kukariri kunapogeuka mashindano ya zawadi, na mafundisho yanapogeuka mahafali. Mahali pengi kipaimara ndiyo siku kijana anapovaa vizuri, anapopigwa picha, na asionekane tena. Kusogeza umri mbele au nyuma hakumalizi jambo hilo. Papa Pius wa Kumi mwaka 1910 aliushusha umri wa komunyo ya kwanza hadi miaka 7 hivi, wakati sehemu nyingi watoto walikuwa wakingojeshwa mpaka 10, 12 au zaidi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto anayeweza kuutofautisha mkate huo na mkate wa kawaida asizuiwe. Lakini nani atakuwa naye wiki baada ya sherehe? Kanisa linalopanga mafundisho ya miezi 12 lipange na mwezi wa 13, kwa jina la mtu na kazi atakayopewa kijana.

Upande wa pili ni njia ya kushangaa. Sofia Cavalletti, msomi wa Biblia, na Gianna Gobbi, mwalimu wa njia ya Montessori (mtoto hujifunza kwa kushika vitu kwa mikono yake mwenyewe), waliianza Roma mwaka 1954. Mtoto husimuliwa mfano wa mchungaji mwema kwa maneno machache, huku vikondoo vya mbao vikisogezwa taratibu zizini, kisha huachwa avishike mwenyewe bila kuulizwa "tumejifunza nini leo?" Niliposhuhudia mara ya kwanza niliona ni kupoteza muda. Kisha mvulana wa miaka 4 akamtoa kondoo mmoja nje ya zizi, akamwacha pale, akamtazama kwa muda mrefu sana. Sikujua anawaza nini na hakuniambia. Njia hii hutaka chumba chenye utulivu, watoto wachache na mwalimu aliyefunzwa kunyamaza, yaani mambo matatu ambayo makanisa mengi hayana. Ukiwa nayo, kwa umri wa miaka 3 hadi 8 sioni inayoizidi. Ukiwa huna, usiiigize nusunusu. Simulia hadithi vizuri, kwa kichwa, bila kusoma kwenye kitabu cha mwalimu. Itatosha.

Vyama vya sare ni jibu la tatu, na vilizaliwa kwenye ile korido yangu. William Smith, mwalimu wa shule ya Jumapili Glasgow ambaye pia alikuwa ofisa wa jeshi la kujitolea, aliona wavulana wakubwa wanamshinda na wanaacha kuja. Mwaka 1883 akaanzisha Boys' Brigade: gwaride, nidhamu, mazoezi ya viungo, pamoja na Biblia. Waadventista walikuja kuwa na Watafuta Njia, waliotambuliwa rasmi mwaka 1950, wenye mafundo, kambi na beji za ujuzi. Kwa mtoto ambaye mwili wake haukai kitini, na wapo wengi, chama cha sare humwokoa na kuitwa mtukutu kila wiki. Kasoro ni kwamba beji hutamanika kuliko kitu chenyewe, na kamanda mpenda kupiga kelele hupata jukwaa. Mtazameni kiongozi kwanza, sare baadaye.

Kundi la vijana au mlezi mmoja

Kwa vijana wa miaka 13 hadi 18 mara nyingi mvutano huwa kati ya kundi na mtu. Kundi linavuta. Kijana wa miaka 15 akikuta wenzake 20 hahitaji kushawishiwa, na mambo mengine atayasema tu mbele ya rika lake. Tatizo ni kundi linalosimama juu ya mguu wa mtu mmoja. Tulikuwa na kiongozi wa vijana mwenye gitaa, mcheshi, anayependwa, ukumbi ulijaa. Alipohamia mji mwingine kikazi, miezi minne haikupita tukabaki na vijana sita, na watatu kati yao walikuwa watoto wa wazee wa kanisa. Hatukuwa na kundi la vijana. Tulikuwa na marafiki wa mtu mmoja.

Linganisha na alichofanya Francis Clark, mchungaji wa Portland, jimbo la Maine, Marekani, mwaka 1881. Chama chake, Christian Endeavor, kiliwataka vijana waahidi kushiriki kwa kinywa katika mkutano wa maombi wa kila wiki, na kazi zikagawanywa kwa kamati zao wenyewe. Aliwapa mzigo, na chama kikaenea nchi nyingi katika miaka michache tu. Baada ya kuona makundi mengi yakipanda na kushuka, nimeamini jambo hilo: kijana huondoka mahali anapoburudishwa burudani nzuri zaidi inapotokea kwingine, lakini huona vigumu kuondoka mahali ambapo asipofika kuna kitu hakitafanyika.

Mvulana wa korido tulimpoteza kwa muda. Kilichomrudisha hakikuwa mpango. Fundi wa vipaza sauti, mzee asiyependa maneno, aliumwa mgongo na kuhitaji mtu wa kuinama chini ya meza kuunganisha nyaya. Akamwita. Wiki tatu baadaye kijana alikuwa anajua ni wimbo gani hufuata maungamo, kwa sababu ilimpasa afungue kipaza sauti cha kwaya kabla haujaanza.

Yule fundi ndiye ninayemwita mlezi, na mfano wangu wa mlezi ni Eli katika 1 Samweli 3. Najua ni mfano wa ajabu, kwani wanawe wa kuwazaa, Hofni na Finehasi, walimshinda kabisa. Lakini tazama alichomfanyia Samweli usiku ule. Mtoto alimwamsha mara tatu, naye hakumgombeza. Alipotambua anayeita ni nani, hakwenda kusikiliza badala yake. Alimpa maneno ya kujibu, akamrudisha akalale. Asubuhi akadai aambiwe yote bila kufichwa, na habari ilipokuwa ni hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe, aliipokea bila kumtolea mtoto hasira. Ni wangapi kati yetu wanaweza kumwambia kijana "niambie unachokiona kibaya kanisani" na kisha wakae kimya?

Malezi ya mtu kwa mtu hufika ndani kuliko kundi, lakini ndiyo njia hatari zaidi ikiachwa bila kanuni, na hapa sina upole. Mtu mzima na mtoto wasiwe peke yao mahali pasipoonekana: mlango uwe wazi au uwe na kioo, mazungumzo yafanyike pale watu wanapopita. Darasa liwe na watu wazima wawili wasio wa familia moja. Mlezi asiwe na ujumbe wa siri wa simu na kijana. Mzazi au kiongozi mwingine awe anajua. Anayejitolea leo asikabidhiwe watoto kesho: aulizwe alikotoka, na wanaomfahamu waulizwe. Mtoto akisema ameguswa vibaya, habari iende kwa vyombo vya sheria na ustawi wa watoto. Haiishii kwenye kikao cha wazee. Kanisa linaloona kanuni hizi ni kukosa kuaminiana halijawa tayari kwa njia yoyote kati ya hizi.

Kuchagua kati ya kundi na mlezi, basi? Ukiwa na vijana 5, acha kuunda "idara ya vijana" yenye mwenyekiti na katibu. Watafutie walezi na kazi ndani ya ibada ya wote, na uwakutanishe na vijana wa kanisa jirani mara moja kwa mwezi. Ukiwa na 40, kundi halikwepeki, lakini liongozwe na timu, tena wawemo watu waliopita miaka 50. Vijana hawakimbii wazee. Wanachokimbia ni wazee wanaojifanya vijana.

Kanisa au nyumbani

Hapa ulinganisho unakuwa wa hesabu. Mtoto asiyekosa Jumapili hata moja, saa moja kwa wiki, kwa mwaka hupata saa 52, siku mbili na kidogo. Kumbukumbu la Torati 6 linaagiza yanenwe mtu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo, na hakuna mwalimu wa watoto mwenye saa hizo. Mchungaji mwenye muda wa jambo moja tu mwaka huu, ningemshauri awafundishe wazazi kuomba na watoto wao dakika tano kabla ya kulala, kabla hajajenga madarasa.

Lakini tusilitumie hilo kuwapiga wazazi. Timotheo baba yake alikuwa Myunani, na Paulo anapoitaja imani iliyotangulia nyumbani mwake anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nyumba nyingi ziko hivyo, mmoja anaamini na mwingine haamini, au bibi peke yake ndiye anayebeba. Kwa watoto wa nyumba hizo darasa na mlezi si nyongeza. Huenda ndivyo walivyo navyo tu. Kwa hiyo kanisa lenye watoto wengi wanaokuja peke yao liweke nguvu zake darasani na kwa walezi, na lile lenye familia nzima benchini liweke nguvu kwa wazazi, hata kama madarasa yake yataonekana ya kawaida.

Na wewe mzazi unayetafuta kanisa la watoto wako, usivutwe na rangi za kuta wala vifaa. Nenda Jumapili tatu. Tazama watoto wa miaka 12 na 14 wanakaa wapi, na kama kuna yeyote kati yao anayefanya kazi yoyote. Mkirudi nyumbani usimuulize mwanao amejifunza nini, kwa sababu atajibu "Yesu", na wote tunajua jibu hilo hupita kila swali. Muulize ni nani aliyemwita kwa jina.